Nyuma ya Tiketi ya Mizani

Saa tano usiku, Changamwe. Lori la mbolea
limepanda mizani, limeteremka, nimeandika tani zake.
Tumu kaniletea viazi vya karai vilivyofungwa gazetini
kisha hakuondoka. Kavuta kiti cha plastiki,
kageuza tiketi iliyoharibika, akaanza kuchora duara.

"Baba, hii dunia. Hili jua."
Duara la jua halikuenea karatasini;
akaliacha limekatika ukingoni
kama sahani iliyovunjika.

Jiwe likirushwa lisirudi, akasema,
dunia inalidai kilomita kumi na moja nukta mbili
kila sekunde. Likilipa, limeponyoka dunia tu.
Bado jua, na jua lina mkono mrefu:
kutokea hapa tulipo, linadai
arubaini na mbili nukta moja.

Nikacheka. Hesabu hii naijua.
Miaka ishirini na miwili kazi yangu ni kujumlisha:
kichwa cha lori, tela, shehena,
turubai lililolowa mvua ya Mariakani.
"Hamsini na tatu nukta tatu!"
Hata kalamu hajaiweka chini.

"Kwanza, baba, hatujasimama."
Dunia inakwenda na sisi tumo mgongoni,
kilomita thelathini kasoro kidogo kila sekunde,
sisi na mizani hii
na mbwa wa mlinzi aliyelala chini ya bango la ushuru.
Ukirushwa kuelekea inakokwenda, mwendo huo ni wako,
hukuutolea jasho.
Deni la jua linabaki kumi na mbili nukta tatu.

"Basi ishirini na tatu na nusu," nikasema. Mkaidi mimi.

Akanitazama kama mamake alivyokuwa akinitazama
nikimwaga chumvi.
"Kasi hazijumlishwi, baba. Nishati ndizo hujumlishwa.
Kila kasi izidishe kwa yenyewe,
ndipo ujumlishe, ndipo utafute kipeuo."
Mia na ishirini na tano na ushei.
Mia na hamsini na moja na ushei.
Kalamu ikakwaruza, ikasita, ikakwaruza.

Kumi na sita nukta sita.

Wadai wawili, na bei ni hii?
Nikaukumbuka mwaka ule: Januari tukamzika mamake,
Machi nyumba ya Magongo ikanadiwa.
Mimi nilipanga kilo juu ya kilo,
nikabeba vyote moja kwa moja.
Hakuna aliyeniambia kuna kipeuo.

Nje maji ya bamvua yamekupwa mpaka chini,
matope ya Kibarani yako wazi, yananuka.
Huko juu mwezi na jua wameshika kamba moja.
Juma lijalo kila mmoja atavuta kwake,
yatakuwa maji mafu, na harufu itapungua.

"Na jiwe likishapewa kumi na sita nukta sita?"
"Linapungua mwendo. Linapungua siku zote,
ila halisimami. Halirudi."

Pasi yake, yenye muhuri wa ubalozi,
imo kwenye droo hii tangu Jumatatu,
chini ya wino na vibanio.
Kila nikifungua droo kutafuta kibanio
natafuta kwa vidole, macho yakiwa dirishani.

"Wewe je," nikauliza, "Ijumaa unaondoka na ngapi?"

Hakujibu upesi. Akala kiazi kimoja,
akajipangusa mafuta kwenye ukingo wa gazeti,
akaichukua kalamu,
akaikata ile sita ya mwisho
na juu yake akaandika tano.

"Hilo litarudi?"
"Litachelewa," akasema. "Litachelewa sana, baba.
Lakini litarudi."

Lori la saruji likapiga honi langoni.
Nikalipungia lipande.
Nikafungua droo, safari hii nikiangalia,
nikampa.